Kilomita Kumi za Addis Ababa: Tathmini ya Great Ethiopian Run kwa Mkimbiaji wa Dodoma

Kwa mkimbiaji wa kawaida wa Dodoma ambaye anataka likizo yake ya nje ya nchi iwe na asubuhi moja ya mbio ndani yake, sijaona tukio linalofaa kuliko Great Ethiopian Run, mbio za kilomita 10 zinazofanyika Addis Ababa kila mwaka mwezi Novemba. Nasema hivyo kwa kumfikiria mtu ambaye Jumamosi alfajiri huungana na klabu yake ya jogging, akapanda taratibu kuelekea Chuo Kikuu cha Dodoma au akaifuata Barabara ya Iringa kabla magari hayajawa mengi, akarudi nyumbani kuoga na kuendelea na shughuli zake. Mtu huyo hatafuti zawadi ya fedha wala jukwaa la washindi. Anatafuta furaha ya kukimbia mahali pageni, pamoja na watu asiowajua, bila kuona kwamba amefika kuwasumbua wenye mbio zao. Furaha hiyo ipo Addis Ababa kwa wingi, ingawa kuna mambo machache ambayo mgeni kutoka kwetu anapaswa kuyaelewa mapema, na kubwa kuliko yote ni hewa ya kule.

Mbio hizi ni matunda ya wazo la Haile Gebrselassie, bingwa wa Olimpiki wa mita 10,000 katika michezo ya Atlanta mwaka 1996 na ya Sydney mwaka 2000. Zilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2001, Haile mwenyewe akashinda upande wa wanaume na Berhane Adere upande wa wanawake, na tangu hapo zimekua hadi kuvuta makumi ya maelfu ya watu na kuhesabiwa kuwa mbio kubwa kuliko zote za barabarani barani Afrika. Ndani yake kuna mbio mbili zinazotumia barabara moja. Mbele hutangulia wanariadha wa ushindani, wengi wao vijana wa Ethiopia wanaotafuta kuonekana, maana katika nchi yenye wakimbiaji hodari wengi kiasi hicho, kushinda kilomita 10 za nyumbani kunaweza kumfungulia kijana milango ya mashindano ya nje. Nyuma yao hufuata umma: wafanyakazi wa ofisi, wanafunzi, wazee, akina mama, wanadiplomasia na wageni kama sisi. Tathmini hii ni ya mbio hizo za nyuma.

Mgeni anaweza kudhani kwamba katika nchi ya Abebe Bikila, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 akiwa pekupeku, na ya Derartu Tulu, aliyetwaa dhahabu ya mita 10,000 mjini Barcelona mwaka 1992, mkimbiaji mzito ataonewa huruma au atachekwa. Hali ni kinyume kabisa. Kila aliyejiandikisha hupewa fulana ya mbio, na kwa kuwa wote huivaa, uwanja wa Meskel, eneo la wazi katikati ya mji, asubuhi hiyo hugeuka kuwa bahari ya rangi moja au mbili ambamo huwezi kumtofautisha mkurugenzi na karani wake. Watu hufika wakiwa wanaimba. Vikundi vya marafiki hushikana mabega na kurukaruka papo hapo kwa mtindo wa ngoma zao, ngoma nyingine zikiwa za mabega zaidi kuliko miguu, na aliyesimama pembeni peke yake havumiliwi kwa muda mrefu kabla ya kuvutwa ndani. Huko ndiko kupasha misuli kwao, na nakiri kwa moyo mweupe kwamba mwili wangu uliamka vizuri zaidi kuliko kwa mazoezi ya kunyoosha viungo ambayo tumezoea kuyafanya kwa mstari.

Mbio zikianza, mkimbiaji wa nyuma hakimbii kwanza, anatembea. Umati ni mkubwa na barabara, hata ikiwa pana, haiwezi kuwapitisha wote kwa mwendo wa kasi, hivyo sehemu ya mwanzo ni ya kusogea kidogo kidogo huku ukijihadhari usikanyage visigino vya aliye mbele. Nafasi hupatikana baadaye, lakini hata hapo mwendo unaendelea kuvunjwavunjwa kwa furaha: penye wapiga ngoma kando ya barabara watu husimama wakacheza, penye maji ya kurushwa hukusanyika wakaloa, kisha wakaendelea. Wakazi hutoka kwenye baraza zao na kusimama ukingoni wakishangilia kila anayepita, na shangwe zao hazipungui kwa sababu waliotangulia wameshapita zamani. Nilimwona mama wa makamo, gauni refu chini ya fulana ya mbio, akitembea kilomita baada ya kilomita huku akipiga vigelegele, na nina hakika kwamba alizitumia mbio zile kikamilifu kuliko wengi waliokuwa wakitazama saa zao.

Jambo hili ndilo linalonifanya nizisifu mbio hizi kwa uzito. Kanda yetu ya kati ina sababu ya kujivunia riadha ya ushindani. Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma, alishinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, na Alphonce Simbu wa Singida alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo mwezi Septemba 2025, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa kifua kwenye utepe, wote wawili wakiandikiwa saa 2:09:48. Ushindi kama huo huwatoa watu ndani na kuwavalisha raba. Tatizo huja baadaye, pale anayeanza kukimbia akiwa na miaka 45 anapoingia katika mbio za barabarani na kukuta kwamba zimeandaliwa kwa ajili ya wepesi tu. Nimewahi kushiriki mbio ambazo meza za maji zilikuwa zimeondolewa na utepe wa kumalizia umekunjwa ilhali bado kuna watu barabarani, baadhi yao wakiwa wamelipa kiingilio kilekile. Addis Ababa nilikuta fikra tofauti, kwamba wa mwisho naye ni mwenye mbio, na waandaaji wetu wangefaidika sana kwenda kuitazama fikra hiyo ikitendeka.

Anayetaka kuweka muda bora wa maisha yake, kwa hiyo, asizichague mbio hizi. Umati hautamruhusu, na kama umati ungemruhusu, mwinuko ungemzuia. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na baadhi yetu hupenda kuamini kwamba mwinuko huo unatupa nguvu za ziada tunapokwenda kukimbia Dar es Salaam. Addis Ababa iko takriban mita 2,350, na huko mambo ni mengine. Kadiri mtu anavyopanda, kanieneo ya hewa hupungua, na pamoja nayo hupungua oksijeni inayoingia katika kila pumzi. Ukilinganisha na pwani, upungufu wa Dodoma ni kama sehemu moja ya nane, ilhali wa Addis Ababa unakaribia robo nzima. Mwili hujibu mara moja kwa kupumua haraka na kuyaongeza mapigo ya moyo, lakini jibu lake la kudumu, yaani kuzalisha chembe nyekundu zaidi za damu, huchukua wiki kadhaa, muda ambao mtu wa likizo fupi hana. Maana yake ni kwamba mgeni hukimbia kwa mwili uleule aliokuja nao, katika hewa ambayo bado haujaizoea.

Athari zenyewe huanza kabla ya mbio. Kupanda ngazi za hoteli hukuacha ukihema, usingizi wa usiku wa kwanza huwa wa mang'amung'amu, kichwa huweza kugonga kidogo, na midomo hukauka kwa sababu hewa ni kavu na kila pumzi huondoka na maji ya mwili. Kwa uzoefu wangu, tiba iliyo bora ni utulivu: kufika siku chache kabla, kunywa maji hata pale kiu isipojitokeza, kupunguza pombe, na kufanya mazoezi mepesi tu. Siku ya mbio, kipimo cha kasi kiwe mazungumzo. Ukiweza kumweleza mwenzako jambo kwa sentensi kamili huku mkikimbia, kasi ni sahihi. Maneno yakianza kukatika, punguza mwendo, na penye mpando tembea bila aibu, maana njia ina mipando na miteremko ya kutosha na mwenye pupa mwanzoni hulipa kilomita za mwisho. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au selimundu amwone daktari kabla ya kununua tiketi. Kwa selimundu hasa, hewa yenye oksijeni pungufu si jambo la kujaribu kwa kubahatisha.

Hali ya hewa nayo ni tofauti na ya kwetu. Novemba ya Dodoma ni joto, vumbi na kungoja mvua. Novemba ya Addis Ababa ni kiangazi cha baridi, alfajiri zake zikihitaji sweta, na mchana jua likiwa kali kuliko linavyohisiwa kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi na mionzi hupenya kwa urahisi. Nenda uwanjani na koti jepesi ambalo hutasikitika kulifunga kiunoni, vaa kofia, na usidanganywe na ubaridi ukadhani hutoki jasho.

Kuhusu safari, mtu wa Dodoma amerahisishiwa mambo tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2024. Unaondoka asubuhi na kuwahi ndege ya siku hiyohiyo ukiwa hujachoka, jambo ambalo kwa basi lilikuwa la kubahatisha. Ethiopian Airlines huruka moja kwa moja kwenda Addis Ababa kutoka Dar es Salaam, Kilimanjaro na Zanzibar, na safari ni ya kama saa tatu hivi. Nchi zetu mbili ziko katika majira mamoja, hivyo mwili hauna cha kuzoea upande huo. Zaidi ya hayo, Waethiopia huhesabu saa kama sisi, kuanzia mapambazuko, kwa hiyo mwenyeji akikuambia mkutane saa moja asubuhi anamaanisha saa moja yetu. Wageni kutoka Ulaya walio wengi huchanganyikiwa hapo. Mswahili hahitaji hata kufikiri, alimradi akumbuke kwamba tiketi za ndege na barua za waandaaji kwa wageni hufuata hesabu ya kimataifa.

Mtanzania ana faida nyingine ambayo haiandikwi katika maelezo ya safari. Mtaani hatazamwi kama mgeni. Mwenzangu mmoja ni Mrangi wa Kondoa, na kila tulipoingia dukani au tuliposimama barabarani yeye ndiye aliyesemeshwa Kiamhari, kwa ufasaha na kwa muda mrefu, hadi alipojibu kwa tabasamu na Kiingereza kidogo. Siku ya mbio hali hiyo ilitusaidia, kwa kuwa hakuna aliyetuweka pembeni kama watalii wa kupigwa picha. Tulikuwa ndani ya umati kama wengine.

Chakula kinastahili neno la tahadhari na neno la sifa. Injera, mkate mwembamba mpana wa Ethiopia, hutengenezwa kwa unga wa teff uliochachushwa, na teff ni nafaka ndogo sana ambayo mtu aliyelelewa kwa ugali wa uwele na mtama hataiona kuwa ngeni, ila uchachu wake ni mkali na berbere, mchanganyiko wa viungo unaotiwa kwenye michuzi, ina pilipili ya kutosha. Mlo huo uupe nafasi baada ya mbio. Usiku wa kuamkia mbio, kula kile ambacho tumbo lako linakifahamu. Wali na tambi hupatikana katika migahawa mingi. Jumatano na Ijumaa waumini wa Kanisa la Orthodoksi hufunga nyama, maziwa na mayai, na siku hizo utapata sinia zuri la dengu, shiro (mchuzi mzito wa unga wa kunde) na mboga za majani ambalo kwa maoni yangu linashinda sinia za nyama. Kahawa nayo, hapa ndipo nyumbani kwake. Ikiandaliwa kwa utaratibu wa jadi, ya mizunguko mitatu kutoka birika moja, inachukua muda wake, na mgeni anayeinuka baada ya kikombe cha kwanza huonekana ana haraka isiyo ya heshima.

Siku zilizobaki za likizo hazikosi kazi. Aliyetoka kukimbia anaweza kwenda Makumbusho ya Taifa kuona masalia ya Lucy, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu ambaye wenyeji humwita Dinkinesh, aliyeishi miaka milioni 3.2 iliyopita. Hifadhi ya Entoto, iliyofunguliwa mwaka 2020, iko kwenye milima iliyo juu ya mji, inayofikia zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, na ina njia nzuri za kutembea chini ya mikaratusi. Iache hadi baada ya mbio, kwa sababu kupanda huko ukiwa umewasili jana ni kujitafutia maumivu ya kichwa. Makao makuu ya Umoja wa Afrika nayo yana sanamu ya Mwalimu Nyerere iliyozinduliwa mwezi Februari 2024, na sisi wakazi wa mji ulioteuliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, wakati wa uongozi wake, tuna sababu ya pekee ya kuitazama. Kwa mkimbiaji, hata hivyo, kivutio kikubwa kuliko vyote ni uwanja wa Meskel wenyewe alfajiri ya siku za kawaida. Ngazi zake ndefu zilizopinda kama upinde hujaa watu wanaokimbia mstari baada ya mstari, kuanzia chini hadi juu, vijana wenye ndoto za dunia wakipishana na wazee wanaofuata ushauri wa daktari. Kushiriki hapo hakuna kiingilio, na mtu aliyezikosa mbio za Novemba anaweza kuonja roho ya mbio hizo pale siku yoyote ya mwaka.

Upande wa gharama, kiingilio chenyewe ni sehemu ndogo ya bajeti. Kinachokula fedha ni tiketi ya ndege na malazi, na wiki ya mbio vyumba karibu na Meskel hujaa, hivyo anayechelewa hupata chumba cha mbali na hulazimika kutafuta usafiri asubuhi ambayo barabara nyingi za katikati ya mji zimefungwa. Ningemshauri mtu alale umbali wa kutembea kwa miguu hata kama chumba ni kidogo. Wakala mmoja wa safari alitupa bei ya kifurushi kilichojumuisha kila kitu, na tulipokipiga hesabu kipengele kwa kipengele tuliona kwamba kujipangia wenyewe kunapunguza gharama kwa kiasi kikubwa. Usajili wa wageni hufanywa moja kwa moja kwa waandaaji kupitia tovuti yao, na fulana huchukuliwa Addis Ababa kabla ya siku ya mbio. Fulana hiyo itunzwe vizuri, kwani ndiyo inayokutambulisha uwanjani. Fedha badilisha benki, na uwe na birr taslimu za kutosha kwa teksi, maji na kahawa.

Sizipendekezi mbio hizi kwa anayechukia msongamano, wala kwa mzazi anayetaka kukimbia na mtoto mdogo katikati ya umati ule. Kwa watoto waandaaji wana mbio zao maalumu, na hizo ndizo zinazowafaa. Vilevile, anayejiandaa kwa marathoni na kuhitaji kipimo halisi cha kasi yake atapata jibu la kweli zaidi hapa nyumbani, kwenye kilomita 10 au 21 za NBC Dodoma Marathon, katika hewa aliyoizoea. Wengine wote, hasa wale wa klabu zetu ambao hudhani kwamba kukimbia nje ya nchi ni kwa wenye vipaji, nawasihi waende, na waende kwa makundi, kwa kuwa mbio zile ni za kuimba na kucheza, na kuimba peke yako kati ya maelfu si sawa na kuimba na wenzako.

Nafasi hujaa mapema, hivyo mwenye nia afuatilie tangazo la usajili miezi kadhaa kabla ya Novemba na asinunue tiketi ya ndege kabla ya kuwa na uthibitisho wa kushiriki. Akina mama wa klabu ambao likizo zao haziangukii Novemba wana njia nyingine: waandaaji haohao hufanya mbio za wanawake za kilomita 5, Women First, mwezi Machi, na kwa umbali huo mwinuko wa Addis Ababa unavumilika hata kwa aliyeanza kukimbia hivi karibuni.